Jimbo Lilikufa, Makori Hajazikwa

Siku ile ninayoikumbuka, mwanangu, jua lilikuwa utosini na watu wote walikuwa wakiona. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Haikuwa gizani. Mume wangu Makori alikuwa amelazwa kifudifudi nyuma ya pikapu nyeupe ya Rioba, yule dalali wa ng'ombe, na Rioba mwenyewe amemkanyaga shingoni kwa kiatu cha mpira, vile alivyozoea kukanyaga kamba ya fahali. Chifu Mokaya alikuwa ameketi mbele, kofia juu ya magoti, anajifuta jasho kwa leso kama mtu aliyetoka kanisani. Nikakimbia nikashika ubavu wa gari. Makori akageuza uso akaniona. Hakulia wala hakuomba. Aliniambia kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwagiza mtu chumvi dukani: "Kemunto, rudi nyumbani. Ng'ombe hajanyweshwa maji."

Gari likaondoka, likashika barabara ya kwenda Masimba. Tangu hapo sijamwona tena, mzima wala maiti.

Nikaenda nikamnywesha ng'ombe. Utanicheka, lakini hofu ikimshika mtu hufanya lile aliloambiwa mwisho. Nilisimama kando ya kijito nimeshika kamba, ng'ombe anakunywa, na mimi ninasikiliza kama gari litarudi. Na mpaka leo, nikiwa Tabaka kwa wachonga vinyago, ninasugua mawe kwa maji na msasa, gari likipunguza mwendo nyuma yangu mikono hukauka.

Sasa ngoja nirudi nyuma nikueleze vizuri. Shule niliiachia darasa la sita, na nitaandika kama ninavyosema. Usinihesabie makosa.

Zamani jimbo letu la uchaguzi lilikuwa moja, refu, linapanda vilima upande wa Ogembo na kushuka mabondeni mpaka miguu ichoke. Koo nyingi, mbunge mmoja. Wazee walikuwa wakisema tuna kiti kimoja na matako mengi. Kila ukoo ulitaka kukikalia, lakini tulioana huku na huku. Mimi nilitoka mlima wa pili nikaolewa huku, na dada wa Makori akaolewa kule kwetu. Ukimtukana mtu wa ng'ambo umemtukana shemeji yako. Kwa hiyo tulichukiana kwa adabu.

Chama kilikuwa kimoja, na mwaka ule wakaleta kura ya mlolongo. Nyinyi wa siku hizi mnaingia kwenye kijibanda na karatasi yenu, hakuna anayejua umemchagua nani. Sisi tulitolewa nje uwanjani, mtu mmoja anainua picha ya mgombea, na wewe unasimama nyuma ya picha unayoitaka. Jirani anakuona. Chifu anakuona. Mwenye duka anayekukopesha sukari anakuona. Ukisimama, umesimama, huwezi kukana kesho.

Picha zilikuwa mbili. Moja ya mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole. Ya pili ya Bwana Ombese, ambaye Mokaya alikuwa mtu wake, na Rioba alikuwa mbwa wa Mokaya. Nayasema majina hayo waziwazi. Wengine wataniambia, mama, sema "watu fulani". Watu fulani hawana mikono. Walionichukulia mume wangu walikuwa na mikono, na majina walipewa na mama zao.

Mlolongo wa mwalimu ulikuwa mrefu mpaka ukazunguka uwanja wa shule na kutokea njiani. Wa Ombese ungeweza kurusha ganda la ndizi likauvuka. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja aliita, "Ombese! Lete hata mbuzi wako wasimame!" Hata askari wa chifu wakainama kuficha meno.

Mokaya hakucheka. Akamwita Rioba kando, wakanong'ona. Kisha chifu akapiga filimbi, akasema kwa upole sana: "Watu wangu, jua ni kali. Mama wazee watangulie. Tusiwachome jua mama zetu."

Nani angekataa? Hata sisi tulipiga makofi. Akufukuzaye hakwambii toka, mwanangu, na anayekumaliza huja amebeba maneno ya heshima.

Sasa hapa nisikilize, kwa maana mtu wa mbali hawezi kuelewa. Kwetu kuna chinsoni, ile adabu ya kuoneana haya kati ya baba na mwana, kati ya mkwe na mkwe. Mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani, anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Hamshiki mkono. Hakai naye kiti kimoja. Na pale uwanjani, chifu alikuwa ameamuru tusimame kifua kwa mgongo, tubanane, ili mtu asichomekwe katikati.

Rioba alikuwa ameuza ng'ombe wa mahari kwa nusu ya jimbo. Alijua binti wa nani ameolewa wapi kuliko hata kasisi. Akawachukua mama wazee kwa mkono, mmoja mmoja, akitabasamu, "Njoo mama, pita hapa mama." Hakuwapeleka mbele. Alimwingiza kila mama mbele ya mkwe wake mwenyewe.

Mama yangu Bosibori alikuja na fimbo yake, amefurahi kuheshimiwa. Rioba akamchomeka mbele ya Makori. Mimi nilikuwa nyuma ya Makori, nimeshika koti lake. Nilisikia mwili wake ukishtuka kama umeguswa na kaa la moto. Nyuma watu wanasukuma, "Songa! Songa!" Asogee wapi? Amgandamize mama mkwe kifuani mbele ya kijiji? Akatoka kwenye mlolongo. Akasimama kando ameinamisha kichwa.

Mbele yetu mwingine akatoka, na nyuma yetu wengine. Wanaume wazima, waliooa vizuri, waliolelewa vizuri, wakatoka kama meno yanavyong'oka. Na hao wengine, waliobaki bila adabu, ndio waliohesabiwa.

"Aliye nje ya laini hahesabiwi!" Mokaya akapiga kelele. Sasa upole umekwisha.

Hata hivyo mlolongo wa mwalimu ulikuwa bado mrefu. Lakini wakaanza kuhesabu, na pale palipokuwa na pengo wakasema laini imeishia hapo. Sisi tuliokuwa nyuma ya pengo, na mimi nikiwamo, tukaambiwa ni watazamaji. Wakamtangaza Ombese.

Hapo ndipo Makori, mtu ambaye hata kwenye harusi yetu alizungumza kidogo, aliinua kichwa, akamwona jirani yake naye amesimama kando, na yule mwingine, na yule. Wote wakwe. Akaelewa.

"Mokaya!" akaita. "Umetukata kwa mama zetu! Umewashika mama zetu ukawafanya panga!"

Nilimvuta koti. Nilimwambia, "Nyamaza, baba watoto, nyamaza." Mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni, hata Makori alikuwa hajui.

Watu wakaanza kuguna. Unajua mguno wa watu wengi, unasikika kwanza kwenye miguu. Mokaya aliusikia. Akamwonyesha Rioba mume wangu kwa kidole. Na mengine nimekwambia mwanzoni.

Jioni wakwe wote waliotoka kwenye mlolongo walikuja kwetu kukaa na baba mkwe wangu, mzee Nyakundi. Walikaa wamekunja mikono. Mmoja akasema, "Mzee, tungefanya nini? Ni mila." Mzee alikuwa ametoka kituo cha polisi, ambako walimwambia hakuna kijana aliyeletwa. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo mzigo ninaokupa leo.

"Chinsoni ni za nyumbani. Ni zetu, tulizitengeneza sisi ili tuishi pamoja. Siku mtu mwingine akizishika na kuwavuta nazo, msiangalie kamba. Angalieni mkono ulioishika. Ninyi mlimwona mama mkwe. Hakuna aliyetazama nani kamleta."

Mzee akaendelea, sauti imeshuka: "Mngekaa chini. Wote, chini kwenye nyasi, pale pale kwenye laini. Aliyekaa chini hajamgusa mama wa mtu." Halafu akaingia ndani, na sisi tukabaki tunatazama ardhi. Jambo rahisi hivyo. Akili ya mzee ilikuja, ila mtoto wake alikuwa ameshakwenda.

Kesho yake migomba yetu ikakatwa. Wiki ile ile majani yetu ya chai yakakataliwa kwenye kituo cha kununulia chai, eti yameungua. Kila aliyekuwa nyuma ya picha ya mwalimu alijulikana, maana alionekana. Tumbo lilipoanza kuonekana, Mokaya akaja mpaka mlangoni pangu, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akasema, "Mume wako amekwenda Nairobi kutafuta kazi. Vijana wanafanya hivyo. Watu wakiuliza, utasema hivyo." Akanitazama tumbo. "Wewe ni mjamzito. Mjamzito hapaswi kuwa na mawazo."

Nikasema hivyo. Watu walipouliza nilisema Nairobi. Kila nilipoitamka nilihisi ninamsukuma Makori ndani zaidi ya lile gari.

Mama yangu hakukanyaga tena boma la wakwe zake. Nilipokwenda kumwona alinipa chakula akageukia ukuta. "Nilifikiri wananiheshimu," alisema. Ni hilo tu alilosema juu ya jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Baada ya kujifungua nikahamia Tabaka kwa shangazi, nikajifunza kusugua viboko na twiga wa mawe wanaopelekwa kwa wazungu. Kazi ya maji baridi, vumbi jeupe kwenye kope. Lakini hakuna aliyeniuliza juu ya Nairobi.

Miaka ikapita, vyama vikawa vingi, kijibanda cha kura kikaja. Nikasema sasa. Kumbe wakati ninakusanya ujasiri, serikali nayo ilikuwa inakusanya kalamu. Jimbo likakatwa. Wakasema watu wamekuwa wengi, kila upande uwe na mbunge wake. Mpaka ukawa kile kijito chetu, kile nilichomnyweshea ng'ombe siku ile.

Nikaenda polisi upande wetu. Afisa mmoja kijana alinisikiliza vizuri, simlaumu. Kisha akauliza, "Mama, hiyo shule iko wapi?" Nikamwonyesha dirishani, ng'ambo ya kijito. "Basi hiyo ni ya upande ule." Nikavuka. Upande ule wakauliza, "Boma lako liko wapi?" Nikaonyesha nilikotoka. "Basi wewe ni wa upande ule." Nimevuka kijito kile nimeinua gauni mpaka mawe yake yananijua. Katika ofisi ya mheshimiwa mpya, binti mmoja mwenye kucha nyekundu alitafuta kwenye kompyuta yake, akanihurumia kweli. "Mama, hiyo jimbo haiko kwa system. Ilishaondolewa."

Nikamwuliza, "Na watu wake?"

Akacheka kidogo, akifikiri ninatania.

Siku waliposherehekea jimbo jipya walichinja fahali, na nikaenda, maana niliambiwa Mokaya atafungua kwa maombi. Ni mzee sasa, ana bakora. Alisema kwenye kipaza sauti, "Ya jimbo la kale tumeyazika na jimbo la kale." Watu wakaitikia amina. Rioba alikuwa mstari wa mbele, ameshiba, siku hizi ni mzee wa kanisa, anakusanya sadaka kwa mikono ile ile.

Nikapenya nikamfikia Mokaya anapokula nyama. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni Kemunto wa Makori."

Hakushtuka. Alitafuna akamaliza. Akanishika mkono kwa mikono miwili kama baba. Akasema polepole, watu wote wanadhani ananibariki, "Kemunto. Una watoto wangapi sasa? Wanafanya kazi wapi?"

Mwanangu, niliuchomoa mkono wangu. Niliondoka bila kujibu. Nilikuwa na mmoja tu, Nyambane, na alikuwa ameanza kuendesha bodaboda Ogembo, barabarani mchana kutwa, ambako mtu yeyote mwenye gari anaweza kumgonga na kusema hakumwona. Nikanyamaza tena.

Ningenyamaza mpaka nife. Lakini mwezi huu mambo mawili yamekuja mlango mmoja. Mke wa Nyambane amejifungua mtoto wa kiume. Na Nyambane amekuja kuniona amevaa fulana mpya yenye sura ya mtoto wa Mokaya, anayetaka ubunge.

"Mathe, si tumwite Makori?" akaniambia, mtoto mapajani. "Jina la buda."

Nikamwambia, "Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa. Nani amekuambia baba yako amekufa?"

"Ah, Mathe. Si ni kitambo sana hiyo. Alienda Nairobi enzi ya constituency ya kitambo, na hata hiyo haiko siku hizi."

"Na hiyo fulana?"

"Hii ni kazi tu. Jumamosi kuna mkutano. Tumeambiwa tubebe wakina mama wazee kwanza na pikipiki, tuwaketishe mbele kabisa."

Nikaacha kusugua jiwe. "Mbele? Kwa nini mbele?"

"Wakikaa mbele hakuna kijana atazomea. Nani atarusha maneno mbele ya mama mkwe wake?" Akacheka. "Huyo jamaa ana akili, Mathe."

Nilisikia ile filimbi tena. Mama wazee watangulie. Jiwe liliniponyoka, kiboko akavunjika sikio. Nikamshika Nyambane fulana, mtoto akiwa katikati yetu, nikamweleza yote, toka kwenye picha zilizoinuliwa mpaka kiatu cha Rioba. Hakuwahi kuyasikia. Nilikuwa nimemlea kwa hadithi ya Nairobi. Aliposikia, alimlaza mtoto kwenye khanga. Kisha akaivua ile fulana akaifutia mikono yangu maji ya jiwe. Hakusema hatakwenda Jumamosi. Alisema, "Mathe, na wakiniuliza kwa nini?" Niliona hofu yangu imeingia usoni mwake, na sijui kama nimempa kinga au nimempa ugonjwa.

Kwa hiyo ninakuandikia wewe, mwanangu, usiyekuwa wangu, uliye na mguu na pikipiki na kura. Heshimu wakubwa wako. Sikuambii uwatupe mama wakwe uwanjani. Mtu asiye na haya ni kama boma lisilo na mlango, na hao ndio waliobaki wakahesabiwa. Lakini adabu yako ijue mwenyewe inaishia wapi. Kikulacho ki nguoni mwako. Adui hatakuja na chuki ambayo huijui, atakuja na kitu unachokipenda, amekishika vizuri, anakukaribisha. Ukiona mama yako ameletwa mbele yako na mtu asiyemjali siku nyingine, usitazame mama, mtazame aliyemleta. Kama huwezi kusonga wala kutoka, kaa chini pale ulipo, na mwenzako akae. Na wakikuambia mipaka imebadilika, furahini mkipenda, chinjeni, lakini uliza kwanza ni nani waliopotea kabla ya kalamu kupita, na nani atawaulizia. Mstari wa kalamu unaweza kugawa shule na soko. Haugawi mfu.

Mungu wetu Nyasae akupe mlango usiopigwa teke, na barabara ambayo kila gari likipunguza mwendo nyuma yako, ni jirani anataka kukusalimia. Akupe wakwe wengi na usimwogope hata mmoja. Wanao wapewe majina bila mtu kushusha sauti.

Na wewe Mokaya, ninakutaja kwa jina uliloitwa na mama yako. Uko hai, na Rioba yuko hai, kila Jumapili anapitisha kikapu. Uliniuliza nina watoto wangapi. Sasa ninajibu: nina Nyambane, na Nyambane ana mtoto wa kiume ambaye hana jina, tunamwita "mtoto" tu, na majirani wanashangaa. Jimbo limekufa, lakini ninyi hamjafa. Pikapu ilikwenda Masimba na mtu, ikarudi bila mtu. Mlimweka wapi Makori? Semeni ni shamba gani, ni mto gani, ni shimo gani la mawe, nikachimbe kwa mikono hii iliyozoea mawe. Nijibuni kabla hamjazikwa kwa heshima. Mtoto anangoja jina lake.